Nilivyomsema Mlinzi wa Bustani

Tulikuwa bustani ya watoto hapa Tandale, kwenye mkutano wa mtaa. Alikuwepo Chande, mwenyekiti wetu, niliyemwona akizaliwa. Neema, mtendaji wa kata. Mwanangu Mwanahawa na mwanawe Zuhura, mkono umefungwa hogo. Na Rehema, msichana aliyenipisha kiti, ila sikumjua wa nani.

Zuhura alivunjika mkono hapo hapo, bembea ilipokatika mnyororo. Neema akauliza nani ana la kusema. Mie nilikuwa nimerudi juzi tu kutoka Kilwa, nilikokaa miezi nikimuuguza dada yangu, lakini nikajiona ndiye najua yote ya mtaa. Nikanyanyuka.

"Mlinzi wenu mzee Saidi yuko wapi? Zamani bembea ikiharibika anaifunga kamba, watoto wasipande. Siku hizi kalala tu! Mkamwamshe!"

Watu wakainamisha vichwa. Nikadhani maneno yamewaingia. Mwanahawa akanivuta kanga, nikaukung'uta mkono wake.

"Niache niseme! Mvivu yule, anakula mshahara wa bure!"

Rehema akasimama taratibu.

"Shikamoo bibi. Mzee Saidi ni baba yangu. Tulimzika kabla ya mfungo. Nimekuja kuwaomba waweke mtu mwingine, maana mpaka leo hapa hapana mlinzi."

Zuhura akaniangalia.

Mliokuwepo, kama kuna jina nimelikosea, nisahihisheni. Na yale niliyomsema marehemu, laiti mngeniambia nimekosea kuyakumbuka.