Matokeo Yasomwe kwa Sauti

Mume wangu ni Mkongo wa Bukavu, mimi Mkenya wa Nakuru, na binti yetu ni wa Birmingham, Kiingereza tupu. Alipotimiza miaka minane baba yake akatangaza kwamba mtoto wa Mkongo lazima asome Kifaransa, basi. Kila Jumamosi nikawa nampeleka kwa basi kutoka Shard End hadi Sparkbrook, kwenye ukumbi wa kanisa ambako Wakongo wanafundisha watoto wao.

Mwalimu ni mzee aliyewahi kuwa mkuu wa shule huko kwao, na hana mchezo. Watoto husimama anapoingia. Mwisho wa mwaka wazazi huitwa kwa ajili ya la proclamation, yaani kutangaza matokeo. Mara ya kwanza nilienda nimevaa vizuri, nikidhani ni sherehe ya kugawa vyeti kama zile za shule yake ya kila siku, ambako mtoto hupongezwa hata kwa kukumbuka daftari. Kumbe mzee anasoma majina yote kwa sauti, wa kwanza hadi wa mwisho, na alama zao. Wa mwisho alikuwa wangu. Arobaini na tatu kwa mia. Ameanguka, atarudia darasa.

Nikasimama mbele ya watu wote.

"Mwalimu, huyu ni mtoto! Mbona unamwaibisha hivi?"

"Maman, sikumutukana," akanijibu kwa upole. "Mutoto iko na akili. Atarudia, atapita."

Nikamshika binti yangu mkono tukatoka kabla shughuli haijaisha. Kwenye basi niliwalaani Wakongo wote, pamoja na yule aliyenioa. Yeye aliporudi kutoka kazini alicheka tu, akasema alirudia darasa la tatu na hajafa. Nilimnunia siku mbili.

Septemba ilipofika, binti akachukua begi lake la Jumamosi mwenyewe.

"Mum, I'm going back. I want to pass."

Nilibadilishana zamu hospitalini ili Ijumaa jioni nimsomee imla. Kifaransa changu ni cha kuokoteza. Nikisoma, anacheka mpaka anashika tumbo, kisha ananisahihisha. Nilizipenda jioni zile, ingawa sikumwambia baba yake.

Siku ya matokeo ikafika tena. Majina yakaanza. Themanini na nane. Sabini na moja. Sitini na tano. Jina lake bado. Nilikikamata kiti cha mbele yangu kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Binti mwenyewe alisimama, mikono nyuma.

Mzee akalitaja jina lake. "Hamsini na sita. Amepita."

Orodha ilipokwisha, wamama watatu wakawarukia watoto waliopita, wakamfikia wangu na mkebe wa poda ya watoto, wakaumwaga kichwani kwake. Nilidhani wamerukwa na akili. Nikawasukuma.

"Jamani, mtoto ana pumu!"

Pumu yenyewe ilimwacha akiwa na miaka mitano, lakini nesi ni nesi.

"Ni furaha, maman!" mmoja akaniambia akicheka. "Kwetu mutu akipita, tunamumwangia poudre."

Nilitamani ardhi inimeze. Binti alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, anapiga chafya, anacheka. Nikaomba mkebe, nami nikammwagia kidogo, mbali na pua.

Jumatatu alibeba karatasi ya matokeo kumwonyesha mwalimu wake wa kila siku. Nilikuwa mlangoni. Maskini dada wa watu aliitazama ile hamsini na sita, akatafuta maneno mazuri, akasema alama si kitu, kila anayejaribu ni mshindi.

"Hapana, Miss," binti yangu akamwambia kwa Kiingereza chake cha Birmingham, amenyoosha mgongo. "Mwaka jana nilijaribu nikaanguka. Mwaka huu nimepita."