Mafuta ya Friji ya Zahanati

Juzi nilikaanga yai kwa mafuta ya taa, ambayo niliyatia mwenyewe kwenye chupa ya mafuta ya kula. Harufu ile ikanirudisha kijijini, wakati wa vita. Mafuta yalipelekwa mpakani kwa askari, na friji ya zahanati, iliyowaka kwa mafuta ya taa na kutunza chanjo ya surua, ilikaribia kuzimika. Mama, muuguzi wetu, akaimiminia mafuta ya kandili ya nyumbani.

"Tutakulaje gizani?" nikalia.

"Mkono unaujua mdomo, ng'wanawane," akanijibu, akiniita mwanawe kwa kilugha chetu.

Kesho yake akina mama wakapanga foleni, kila mmoja na koroboi yake, wakamimina. Friji haikuzimika. Watoto wote tulichanjwa.

Nikamsimulia jirani huku nikisugua kikaango. Akasema, "Mama yako kaokoa watoto wa kijiji kizima kwa mafuta ya taa. Wewe yai moja limekushinda."