Mlango wa Mama Sindano

Mtaani walimwita Mama Sindano kwa sababu alishona tangu asubuhi hadi jioni, hapo hapo sebuleni kwake. Adui yake alikuwa mlango wa mbele. Mteja akiingia tu, upepo unaudaka: paa! Vikombe vinalia kabatini, mkono unashtuka, mshono unakwenda upogo. Mumewe, dereva wa lori, alisema atautazama akirudi safari. Alirudi safari kumi na mbili.

Siku alipoharibu kola ya koti la mwalimu mkuu, Mama Sindano alizima cherehani akaenda duka la vifaa vya ujenzi.

"Nataka kile chuma cha kufunga mlango polepole, kama cha benki."

"Fundi wako ni nani?" muuzaji akauliza.

"Unazungumza naye."

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya vipimo ya kubandika mlangoni. Kwake hiyo ilikuwa patroni tu, kama ya kukatia nguo. Akaibandika, akatia alama kwa chaki ya kitambaa, akatoboa kwa drili ya jirani. Skrubu moja iligoma. Akaipaka sabuni, ikaingia. Kufikia adhuhuri mlango ulijifunga wenyewe, kimya kama paka. Akashona huku akiimba.

Baba mkwe wake, fundi bomba mstaafu aliyepoteza macho miaka mitatu nyuma, alikaa kwenye kiti chake hapo hapo sebuleni. Siku ya tatu, Mama Sindano akiwa jikoni, alimsikia akipiga kelele: "Nani? Nani hapo?" Akakimbia. Mzee alikuwa amesimama, fimbo juu. Mbele yake mteja ameshika kitambaa, amepigwa na butwaa.

Mteja alipoondoka, mzee akasema, "Mlango ule ulikuwa unanipa habari, mwanangu. Sasa watu wanachipuka humu ndani kama uyoga."

Mama Sindano alihisi aibu ikimpanda. "Mbona hukusema, baba?"

"Ulikuwa unaimba. Nani angekukatiza?"

Akashika bisibisi ili aking'oe kile chuma. Mzee akamzuia. "Ngoja. Kina mafuta ndani?"

"Kinayo."

"Basi kina vali, skrubu za kurekebisha mwendo. Nipandishe kwenye stuli."

"Uanguke, mwanao aniulize?"

"Nishike kiuno, acha maneno."

Vidole vyake vilipapasa chuma hadi mwisho, vikakuta skrubu mbili ndogo. Ya kwanza, walipoijaribu, ilikuwa ya mwendo mzima wa mlango, wakaiacha. Ya pili ilikuwa ya hatua ya mwisho, mlango unapokaribia kujifunga. Mzee akashuka akasikiliza, Mama Sindano akapanda akazungusha.

"Robo. Mno! Rudisha. Kidogo tena. Hapo!"

Mlango ulikuja taratibu, kisha mwishoni ukajisukuma wenyewe, ulimi wa kitasa ukaingia: tak. Mshtuko hakuna, ila habari imefika.

"Nikisikia hiyo," mzee akasema, "nyayo zitanimalizia habari."

Jirani alipokuja kudai drili yake, alisalimiwa kwa jina kabla hajafungua kinywa. Alicheka, kisha akasema mlango wa kwake pia unajibamiza.

Hadi mwaka ulipokwisha, wawili hao walikuwa wameifungia vyuma hivyo milango tisa mtaani, mmoja akitoboa, mwingine akisikiliza na kugombeza. Jioni moja dereva alirudi safari akakuta nyumba tupu, bisibisi haipo, chakula kimefunikwa mezani. Akala peke yake.