Mawinda Yaliyoonyesha Upepo

Uvumilivu wangu uliniishia siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa na mwiko mkononi. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amelala baada ya kubembelezwa tangu alfajiri, na uji ulikuwa unaanza kuchemka. Ile ndege ikaja. Tabia yake niliijua. Hutokea upande wa Pangani ikinguruma, ikifika kwenye migomba yetu inanyamaza, inashuka taratibu, husikii ila upepo ukipiga mluzi mbawani. Kisha, ikiwa karibu kugusa paa, injini inapandishwa yote kwa mara moja. Vumbi la makuti lilimwagika kwenye uji. Mtoto akaruka kitandani, mikono juu, akalia mpaka pumzi ikakatika.

Ilikuwa mara ya nne asubuhi ile. Sikupiga kelele. Niliepua sufuria, nikamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, nikavaa viatu vyangu vya shule nilivyokuwa nikivitunza kwa safari, nikatoka.

Tulikuwa tunakaa Misugusugu, nyumba moja kando ya shamba la karanga. Mtoto alikuwa na miezi mitano. Mama mkwe wangu, anayekaa Kisarawe, alikuwa ametutembelea wiki iliyotangulia na kuiona ndege ile kwa macho yake. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mtoto akishtuliwa hivi kila siku atapata degedege. Ijumaa ya wiki ijayo nakuja kumchukua. Atakaa kwangu mpaka hao watu wahame."

"Mama, bado ananyonya."

"Maziwa ya mbuzi yapo."

Mume wangu alitazama chini. Baadaye aliniambia mama yake ana haki, na kwamba hakuna mtu wa kwenda kuwaambia Wazungu wapite kwingine. Nilimuuliza kama mimi si mtu. Akasema nisianze.

Kwenye shamba la mkonge la jirani palikuwa na uwanja mdogo wa nyasi, na ndege ile ilikuwa ikituliza injini pale kabla ya kurudi Dar es Salaam. Niliikuta imesimama. Kwa karibu ilikuwa ndogo kuliko hasira yangu. Viti vinne kama vya teksi, viwili mbele na viwili nyuma, na kwenye vya nyuma hapakuwa na kitu ila kikapu cha chakula. Mwalimu, Mzungu wa makamo, alikuwa amekaa kivulini mwa bawa akinywa chai ya chupa. Mwanafunzi wake, kijana wa Kihindi wa mjini mwenye Kiswahili safi, alikuja kunilaki.

"Karibu mama. Unataka kuona ndege? Kiti kipo. Jumapili tunachukua abiria, tunawapeleka mpaka Mafia."

"Ndege naiona kila siku. Nataka kujua nyumba yangu imewakosea nini."

Akauliza nyumba ipi. Nilipomwonyesha upande, akatabasamu kama aliyekutana na jamaa. "Wewe ndiye mwenye mawinda?"

Nikamwambia ndiyo, mawinda ya kumvisha huyu niliyembeba, kwani vipi.

Akanieleza bila kuficha, maana hakuona kosa. Walikuwa wanafanya mazoezi ya injini kuzimika angani. Mwalimu anaipunguza bila kusema, halafu anauliza: utatua wapi, na upepo unatoka wapi? Shamba letu la karanga lilikuwa tambarare. Na kamba yangu ya nguo, yenye vitambaa kumi na viwili vyeupe, iliwaonyesha upepo kuliko chochote kati ya pale na baharini. Mwalimu akasema neno kwa Kiingereza. Kijana akataka kunifasiria.

"Nimesikia," nikasema. Alikuwa amesema nguo zangu ndizo safi kuliko zote anazoziona kutoka juu.

Nikamuuliza mwalimu mwenyewe, kwa Kiingereza chake: na siku nisipofua? Aliweka kikombe chini. Nadhani hakutegemea. Akajibu kwa adabu kwamba siku hiyo huangalia moshi wa jiko langu.

Kijana akanisindikiza hatua chache. "Usikasirike, mama. Wewe unatusaidia sana."

"Mimi si mama yako. Mama yako angekuwa analala pale, ungetafuta shamba lingine."

Nilirudi nyumbani, nikamwaga uji wenye vumbi, nikapika mwingine. Jioni nikaandika barua. Nikainakili mara mbili kwa mwandiko wa kutulia.

Ijumaa mama mkwe alifika na kikapu kitupu cha nguo za mtoto. Nilimwamkia, nikampa barua. Hasomi, nikamsomea. Akafikiri.

"Unaipeleka Bomani?"

"Leo hii."

"Twende wote, basi. Wakikufukuza, mtoto anabaki kwangu. Kutoka Bomani si mbali."

Tulipanda basi hadi mjini, tukapanda jingine hadi Kisarawe. Karani wa Boma aliipima mkononi bahasha yangu iliyotuna, akaifungua, akasoma akiwa ameegemea kiti.

"Dada, malalamiko ya ng'ombe yana faili. Ya mipaka yana faili. Ya ndege hayana."

"Fungua."

"Nifungue faili kwa ajili ya mawinda?"

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi na mjukuu mapajani. Akasema, "We baba, kwani wewe ulipozaliwa ulivishwa suti?"

Watu kwenye foleni walicheka. Karani hakucheka, lakini alitoa jalada jipya, akaandika juu yake, akagonga muhuri kwenye nakala yangu.

Nje, mama mkwe aliutazama ule muhuri. "Watajibu lini?"

"Sijui."

"Haya, rudi naye. Mwezi ukiandama hawajajibu nitakwenda mwenyewe, na sitakaa kwenye benchi." Akamfunga mtoto mgongoni kwangu kwa mikono yake.

Nakala ninayo. Niliandika hivi:

*Kwa Bwana Shauri, Bomani, Kisarawe.*

*Bwana,*

*Mimi ni mkazi wa Misugusugu, mama wa mtoto wa miezi mitano. Nalalamikia ndege ndogo ya viti vinne inayofundishia urubani. Kila siku ya kazi isiyo na mvua, hushuka juu ya nyumba yangu injini ikiwa imepunguzwa, kisha hupandishwa kwa nguvu juu ya paa. Mtoto wangu hushtuka na kulia hadi kukosa pumzi. Nimemwona mwalimu wao. Amekiri kwamba hutazama mawinda ninayoanika ili kujua upepo, na nisipoanika hutazama moshi wa jiko langu.*

*Sitaacha kufua na sitaacha kupika.*

*Simkatazi mtu kujifunza. Mimi nami nilisoma, lakini si juu ya paa la mtu. Naomba waamriwe kufanya mazoezi haya kwenye uwanja wao wa shamba la mkonge, ambako hakuna anayelala. Ikiwa shida yao ni upepo, naambatanisha winda moja. Limefuliwa. Walifunge kwenye mti mrefu huko kwao.*

*Nangoja jibu la maandishi.*

*Mimi, mama wa mtoto.*