Babangu Hakuwa Daftari

Kosa langu lilianza na kalamu nyekundu. Nilikuwa na miaka kumi, namba moja darasani, na niliamini hakuna kitu duniani kisichoweza kusahihishwa. Kwa hivyo babangu alipoanza kusahau, nilikata boksi la sabuni, nikalipiga mistari, na kila asubuhi nikawa nampa mtihani. Leo ni siku gani? Mimi ni nani? Mama ameenda wapi? Akikosa, naweka X.

"Wewe," mama aliniambia zaidi ya mara moja, "babako si daftari."

Sikusikia.

Nyinyi mliokulia Kambi Muru, kule Kibera, miaka hiyo mnazijua asubuhi zetu. Moshi wa makaa, redio tatu zikipiga stesheni tatu nyuma ya bati moja, jirani akikaanga mandazi, nasi tukipanga foleni ya maji na mitungi iliyotushinda uzito. Tulicheza bano, zile gololi za kioo, mpaka vidole vikapasuka. Tulicheza kati, kukwepa mpira wa soksi kuukuu, na aliyepigwa alibisha mpaka jioni. Jumamosi mama alipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ya kwao Machakos, na harufu yake ilituita nyumbani kabla ya sauti yake. Watoto wa leo huitwa kula kwa simu, na wako chumba hicho hicho.

Baba alikuwa amestaafu jeshini akiwa koplo. Kilichobaki cha jeshi ni bereti moja na buti, na buti hizo alizipaka rangi kila alfajiri mpaka ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Kisha alitupanga paredi uani, watoto wote wa ploti: kucha, kola, viatu. "Mwanajeshi mchafu amemsaidia adui nusu ya kazi," alisema. Ugonjwa wa kusahau ulimnyang'anya majina yetu, lakini paredi haukuigusa. Aliweza kusahau kama amekula, ila kifungo kilichokatika alikiona akiwa upande wa pili wa ua.

Halafu ikaja Januari ile baada ya uchaguzi wa 2007. Shule hazikufunguliwa. Maduka yalifungwa, na jirani wa mandazi aliondoka na watoto wake bila kuaga. Asubuhi moja mama alitoka kwenda Ayany kutafuta unga. "Kaa na babako," aliniambia mlangoni. "Asitoke. Na usimkosoe."

Hata mama hajafika mbali, baba akavaa bereti. "Nje kuna fujo. Naenda zamu."

Nami, boksi langu mkononi, nikamwambia, "Baba, wewe si mwanajeshi tena. Ulistaafu. Umekosa."

Akachukua fimbo yake, akatoka. Naona haya kuyaandika haya: niliweka X kwanza, ndipo nikakimbia.

Nilimkuta kwenye njia ya kwenda Lindi, mtaa wa pili hapo hapo Kibera. Vijana walikuwa wamepanga mawe na matairi, na kila mpita njia aliulizwa kitambulisho, jina lake liseme yeye ni kabila gani. Cha baba kilikuwa kwenye pochi ya mama. Naye, badala ya kuogopa, alikuwa akiwakagua.

"Wewe! Suruali iko magotini, unalinda nini? Na wewe, nani alikufundisha kulinda kizuizi na patipati miguuni?"

"Buda ni noma!" wakacheka.

Mmoja mwenye panga hakucheka. "Mzee, nimesema kitambulisho."

"Mimi ndio huuliza vitambulisho," baba akasema.

Kijana akasogea. Jibu sahihi nilikuwa nalo mdomoni: ni mgonjwa, kichwa chake kimechoka, yeye si askari wa mtu yeyote. Lakini nilimwona baba akinyoosha mgongo, na nikashindwa kumwekea X nyingine mbele ya watu. Nikasimama wima mbele yake, nikapiga saluti.

"Koplo, zamu yako imeisha. Nimekuja kukupokea."

Alinikagua kuanzia juu mpaka chini. Nilikuwa nimekimbia pekupeku. "Buti ziko wapi?"

"Zinakauka, afande."

"Kesho uwe nazo."

Akanikabidhi fimbo, akageuka, akatembea hatua kumi na kusimama. Hakujua nyumbani ni wapi. Nami nilibaki pale na fimbo begani, nikiogopa kuondoka, kwa kuwa nilikuwa zamu. Yule wa panga alimwangalia baba, akaniangalia mimi, akashusha panga.

"Enda na mzee wako, dogo," akasema. "Hapa tutalinda sisi."

Mwenzake alikuwa akivuta suruali juu.

Wiki hiyo tulihamia Kawangware kwa shangazi. Boksi nililiacha Kibera. Baba aliendelea na paredi huko miaka mitatu, mpaka asubuhi moja buti zikabaki chini ya kitanda. Muda huo wote aliniita Mutua, rafiki yake wa jeshini, nami nilimpa habari za kambi ambayo sijawahi kuiona.

Ploti yetu ya Kambi Muru sasa ni ghorofa. Mpwa wangu ana miaka kumi. Akitaka kujua leo ni siku gani anauliza simu, na simu haikosi. Ningezitoa simu zote za Nairobi nisikie tena zile buti uani, na sauti ikisema, "Kucha!" Kucha nimezikata. Huwa nazikata kila Jumapili.

Bado napenda mambo yawe sahihi. Kuandika hadithi nilijifunza mwenyewe, na kurasa hizi nimezirudia mara saba. Lakini watu siwasahihishi tena. Siku hizi mama ameanza kuniita kwa jina la baba, nami naitika.