Runinga Nyeupe ya Mzee Yusufu

Miaka ishirini Mzee Yusufu, jirani yangu wa Magomeni hapa Mtwara, alichambua korosho kiwandani. Nyeupe daraja la kwanza, zilizoungua kando. Hakukosea hata siku moja, na hilo alitukumbusha kila wiki. Kwa hiyo mwaka 2009, alipokwenda kununua runinga bapa, aliichagua kama korosho: akachukua iliyong'aa weupe kuliko zote.

Mimi Custodio, fundi wa runinga, nilikuwa naye dukani, lakini fundi ana nini cha kumfundisha mtu mwenye macho? Nilimwambia weupe peke yake si ubora. Kontrasti ni tofauti kati ya weusi na weupe. Ukiipandisha mpaka mwisho, vilivyomo ndani ya weupe vinamezwa. Akanitazama kama punje mbovu. Alipofika nyumbani akaipandisha mpaka mia.

Haraka yote ilikuwa ya Idi. Binti yake Sharifa, anayesoma Dar es Salaam, angeimba kaswida kwenye runinga, na mama yake, Tatu, hakuwa amemtia machoni tangu Januari. Siku ikafika, tukala pilau, sebule ikajaa majirani. Wasichana thelathini wakatokea, kanzu nyeupe, ushungi mweupe, na wote wakawa kama shuka moja lililoanikwa juani.

"Mzee, nipunguze kidogo," nikasema.

"Usiguse, fundi. Mbona anaonekana? Yule pale, wa tatu."

Akapiga makofi. Wageni nao, kwa adabu ya pilau, wakapiga.

Tatu hakupiga. Alitoka, akaenda kwangu kutazama kwenye TV yangu ya zamani, ile ya chogo, na roho iliniuma kumwona anavyokimbia. Kaswida ilipokwisha akarudi uso umemshuka.

"Baba Sharifa, mtoto hayupo. Nimewatazama wote."

"Nimemwona kwa macho yangu."

Simu ya Mzee ikaita. Alikuwa Sharifa, sauti imekauka: yuko bwenini, ana homa tangu juzi, hakwenda kuimba. Tatu akamnyang'anya mumewe simu, akaanza kuuliza amepewa dawa gani, nani anampikia uji.

Wageni wakainamia vikombe vyao vya chai. Kwenye runinga ilikuwa imeanza taarifa ya habari. Mzee Yusufu akanisogelea na rimoti mkononi.

"Fundi," akaninong'oneza, "inapunguzwa wapi?"