Mlango Uliokwenda Kutengenezwa

Juzi, huko mtaani Birere, nilimwona mwanamume amebeba mlango kichwani, bawaba zikigongana kila alipopiga hatua, na mchana mmoja wa utotoni ukanirudia.

Nyumba yetu ya mbao ilinuka moshi na maharage. Baba alikuwa amekwenda Rutshuru kutafuta pesa ya kodi iliyochelewa. Mwenye nyumba akaja na nyundo, akaanza kung'oa mlango.

"Papa, unatufukuza na hii mvua inakuja?" mama akamwuliza mwenye nyumba.

"Hapana, mama! Miye sifukuzi mutu. Mulango yangu imeoza, naenda kuitengeneza."

Nami nikaamini. Nikamshukuru kwa heshima, "Merci, papa." Aliinama kuokota misumari.

Miaka mingi baadaye, nikisomea sheria chuoni, nilifundishwa kwamba mpangaji hatolewi bila kupewa taarifa, wala bila hukumu ya hakimu. Lakini mwenye nyumba yule hakumtoa mtu. Alichukua mbao zake tu, na sijui hakimu angemwuliza nini.

Mchana ule mawingu yalikuwa yameshuka kutoka mlima Nyiragongo. Mama akatundika kitenge pale palipokuwa na mlango; upepo ukakisukuma ndani.

"Mama, mulango itarudi lini?" nikauliza.

"Itarudi siku ile tutahama," akasema, akaanza kukunja mikeka.